UZI: Nani anaishika kampuni, bodi au mwenye nywila? Teknolojia na sheria ya makampuni tukiitazama kutoka Kigoma

Mleta uzi, Kigoma Mjini

Ndugu wanajukwaa, salamu kwenu nyote.

Nauleta mjadala huu kwa urefu kwa sababu unahusu jambo ninalokutana nalo mara kwa mara katika kazi yangu ya ukatibu wa kampuni ndogo ndogo hapa Kigoma, na kwa sababu mara nyingi linazungumzwa kana kwamba linawahusu watu wa Dar es Salaam na Nairobi peke yao. Sheria inasema kwamba mamlaka ya kampuni yako kwa wanahisa wanapokutana katika mkutano mkuu, na kwa wakurugenzi wanapokaa kama bodi. Ninachokiona mimi ni kwamba katika kampuni nyingi za mkoa huu mamlaka hayo yamehama kimyakimya. Sasa yako kwa yule anayeijua nywila ya akaunti ya usajili, mwenye laini ya simu inayopokea namba za uthibitisho, mwenye barua pepe iliyoandikishwa kwa Msajili wa Makampuni. Mtu huyo huenda akawa mkurugenzi mtendaji. Huenda pia akawa kijana wa duka la steshenari aliyejaza fomu siku ile ya kwanza. Sheria haimtaji, katiba ya kampuni haimjui, na hakuna mkutano uliowahi kumchagua.

Sheria yetu ya Makampuni, Sura ya 212, ilitungwa mwaka 2002 na kuanza kutumika tarehe 1 Machi 2006. Ukiisoma unaona wazi kwamba imeandikwa kwa ajili ya dunia ya karatasi: rejista ya wanachama iliyo ofisini ambayo mtu anaweza kwenda kuikagua, mhuri wa kampuni, taarifa ya maandishi ya siku 21 kabla ya mkutano mkuu wa mwaka, ukumbi, akidi, mikono inayoinuliwa. Kwa mtu wa Kigoma dunia hiyo ilikuwa na gharama yake. Nyaraka zilisafiri kwa treni au basi zaidi ya kilomita 1,200 hadi kwa Msajili, na kama saini moja ilikosekana, bahasha ilirudi kwa njia ileile. Ndiyo maana BRELA, wakala wa Serikali unaosajili kampuni, ilipoanzisha mfumo wa usajili wa mtandaoni, ORS, mwaka 2018, sisi wa mwisho wa reli tulikuwa na sababu ya kushukuru kuliko watu wanaoweza kwenda dirishani kwa daladala.

Lakini tuutazame mfumo huo unavyofanya kazi kwa mtu wa kawaida. Mwombaji anafungua akaunti kwa namba yake ya kitambulisho cha taifa (NIDA), anajaza majina ya wanahisa na wakurugenzi pamoja na namba zao za NIDA na za mlipakodi, kisha mfumo unamtolea fomu ya majumuisho. Fomu hiyo inachapishwa, wakurugenzi wanaisaini kwa kalamu, tamko la kutimiza masharti linathibitishwa mbele ya wakili, karatasi zote zinaskaniwa na kupakiwa tena katika mfumo, kisha inatoka kumbukumbu namba ya malipo na fedha inalipwa kwa simu. Kwa hiyo saini bado ni ya wino na mamlaka bado ni ya wakurugenzi, lakini mlango wa kuingilia ni akaunti ya mtu mmoja. Mtu huyo akiwa mwaminifu, hakuna anayeutambua mlango huo. Ni siku ya mgogoro ndipo watu wanauliza ufunguo uko wapi.

Nitatoa mfano mmoja bila kuitaja kampuni. Ni wakamuaji wa mawese upande wa Mwandiga, watu wa ukoo na majirani, waliosajili kampuni ili waweze kuuza kwa jumla na kukopa benki. Kazi ya mtandao walimwachia mtu wa steshenari, naye akatumia barua pepe yake mwenyewe kwa sababu hakuna kati yao aliyekuwa nayo. Baada ya muda mkurugenzi mmoja alitofautiana na wenzake juu ya hesabu za mashine ya kukamulia. Wakaitisha mkutano kwa taarifa sahihi, akidi ikatimia, azimio la kumwondoa likapita, kumbukumbu zikasainiwa. Kisheria walifanya kila kitu sawasawa. Azimio lile halikuweza kufika kwa Msajili, kwa kuwa mtu wa steshenari alikuwa amehama mji na barua pepe ilikuwa haifunguki. Benki ilipotafuta taarifa rasmi ya kampuni ikakuta yule mkurugenzi bado anaonekana, na kwa haki yake kabisa ikakataa kubadilisha watia saini. Msimu wa ngazi, yaani matunda ya michikichi, ukapita huku akaunti ikiendelea kuhitaji saini ya mtu ambaye wanahisa walishamwondoa.

Tangu uamuzi wa mahakama ya juu ya Uingereza katika shauri la Salomon la mwaka 1896 tunafundishwa kwamba kampuni ni mtu kamili mbele ya sheria, tofauti na wanahisa wake. Nauliza: mtu huyu ambaye leo hawezi kusema lolote mbele ya Serikali, benki au wateja bila akaunti na namba ya siri, nani anapaswa kumtunzia vitu hivyo? Jibu langu ni kwamba huo ni wajibu wa bodi, na ni sehemu ya ule wajibu wa uangalifu na weledi ambao Sheria ya Makampuni tayari imewabebesha wakurugenzi. Hatuhitaji kusubiri sheria mpya ili kulisema hilo. Wamarekani walifika huko kwa njia yao: katika shauri la Caremark la mwaka 1996, mahakama ya jimbo la Delaware ilisema kwamba mkurugenzi hawezi kukaa tu akidai hakuambiwa, bodi inapaswa kuhakikisha upo utaratibu wa kuiletea taarifa za hatari. Ni kweli kwamba mashauri yaliyojaribu kuutumia msimamo huo dhidi ya wakurugenzi kwa sababu ya udukuzi, kama lile la kampuni ya programu ya SolarWinds lililotupwa mwaka 2022, yamekuwa magumu sana kwa walalamikaji. Lakini wasimamizi wa masoko hawakungoja mahakama: tangu mwaka 2023 kampuni zilizoorodheshwa kwenye masoko ya hisa kule zinatakiwa kutangaza tukio kubwa la usalama wa mtandao ndani ya siku nne za kazi tangu zilipobaini uzito wake. Kwa maneno mengine, nywila imeshaingia kwenye ajenda ya bodi.

Naomba michango, hasa ya wenye uzoefu wa mikoa hii ya magharibi.

Mchangiaji, Kasulu

Ndugu mleta uzi, nashukuru kwa mada. Mimi ni mkurugenzi katika kampuni ya usafirishaji wa mazao yenye wakurugenzi wanne, mmoja yuko Kasulu, wawili Kigoma na mmoja Mwanza. Kwa kusema kweli hatujakaa pamoja chumba kimoja kwa muda mrefu. Maamuzi yetu yote, hata ya kununua gari, yanapita kwenye kundi la WhatsApp. Mmoja anaandika pendekezo, wengine wanajibu "sawa" au wanaweka dole gumba, na kazi inaendelea. Je, hayo ni maazimio ya bodi? Na siku mmoja wetu akikana, tutasimamia nini?

Mleta uzi

Ndugu yangu wa Kasulu, swali lako ni zito, na nadhani ndilo linalogusa kampuni nyingi zaidi kuliko haya ya Delaware.

Tutenganishe mambo mawili ambayo kwenye kundi la simu yanaonekana kuwa kitu kimoja. La kwanza ni ushahidi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakubali ujumbe wa kielektroniki kuwa ushahidi, na mahakama inapoupima uzito wake inaangalia namna ulivyotengenezwa na kutunzwa, kama haukuchezewa, na kama mtumaji wake anatambulika. Hivyo siku mwenzenu akikana, mazungumzo yenu yana thamani, ilimradi hamkuyafuta na mnaweza kueleza yalivyohifadhiwa. Usimwachie kazi hiyo mtu mmoja mwenye simu mpya kila mwaka.

La pili ni uhalali wa uamuzi wenyewe, na hapo kitabu cha kufungua kwanza ni katiba ya kampuni yenu. Kama katiba inasema azimio la bodi lisilopitia kikao lazima liwe la maandishi na lisainiwe na wakurugenzi wote, basi sheria hiyohiyo ya 2015 inasema kwamba pale saini inapotakiwa kisheria, sharti hilo hutimizwa na saini ya kielektroniki iliyo salama, yaani ile inayomtambulisha mwenyewe na iliyowekwa kwa njia iliyo chini ya udhibiti wake peke yake. Picha ya saini iliyobandikwa kwenye hati na karani haiwezi kujivunia sifa hizo, na dole gumba nalo litapata shida hiyohiyo.

Sisemi kwamba dole gumba halina nguvu popote. Mwaka 2023 mahakama ya Saskatchewan, Kanada, iliamua kwamba mkulima aliyetumiwa picha ya mkataba wa kuuza mbegu za kitani kwa simu, akajibu kwa dole gumba, alikuwa amekubali mkataba huo, na akaamriwa kulipa fidia ya zaidi ya dola 82,000 za Kanada kwa kutopeleka mzigo. Mkulima yule na mnunuzi wake walikuwa na mazoea ya kufunga mikataba kwa majibu mafupi ya simu, na mazoea hayo ndiyo yaliyompa mnunuzi ushindi. Lakini huo ulikuwa mkataba baina ya pande mbili. Uamuzi wa bodi una watu wengine nyuma yake: wanahisa wasiokuwemo kwenye kundi, wadai, mrithi wa mkurugenzi atakayefariki. Hao nao wana haki ya kuona uamuzi ulivyofanywa. Ushauri wangu ni kwamba mjadala uendelee kwenye kundi, lakini katibu auandike uamuzi kama azimio lenye tarehe na maneno kamili, lisainiwe, na lilale kwenye kitabu cha kumbukumbu. Nusu ukurasa unatosha.

Mchangiaji, Kigoma Mjini (wakili)

Mleta uzi amefanya kazi nzuri, na kwa heshima zote naomba nimpinge kidogo. Anasema mamlaka yamehama. Mimi naona yako palepale yalipokuwa. Wazee wetu walikuwa wanauficha mhuri wa kampuni kabatini, na aliyekuwa na ufunguo wa kabati alikuwa anaishika kampuni kama huyu wa nywila anavyoishika leo. Kitabu cha hundi nacho kilifichwa. Kinachohitajika ni kutekeleza sheria iliyopo, tusiitafutie nadharia mpya.

Eneo ambalo naliona limebadilika kweli ni mikutano. Kuna shauri la Uingereza ambalo kila anayeitisha mkutano wa mtandaoni anapaswa kulijua, ingawa uamuzi wake kwetu ni wa kushawishi tu na si wa kutufunga. Ni shauri la Byng dhidi ya London Life. Oktoba 1988 kampuni hiyo ya bima iliitisha mkutano katika jengo la Barbican, London. Wanachama waliofurika ukumbini wakawekwa vyumba vya pembeni vilivyounganishwa kwa vyombo vya picha na sauti, na vyombo vile havikufanya kazi ipasavyo. Mwenyekiti akaahirisha mkutano hadi alasiri ya siku ileile, mahali pengine mjini. Mahakama ya Rufani ilisema mambo mawili: kwamba mkutano unaweza kuwa halali hata kama watu wote hawamo chumba kimoja, ilimradi wanaonana na kusikilizana; na kwamba uahirishaji ule haukuwa halali, kwa kuwa mwenyekiti hakuwajali wale waliohudhuria asubuhi ambao wasingeweza kufika alasiri.

Sasa mhamishie mwenyekiti yule hapa kwetu. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilipokatika, intaneti ilidorora nchi nzima. Kama siku ile kampuni ilikuwa katikati ya kura ya kuongeza mtaji, mwenyekiti angefanya nini? Angeendelea na waliobaki hewani? Angeahirisha hadi jioni na kutangaza kwa ujumbe ambao mwanahisa aliye kijijini Kalya hataupata? Katiba nyingi za kampuni ninazoziona hazina hata mstari mmoja juu ya hilo, kwa sababu zimenakiliwa kutoka kwenye kampuni iliyotangulia.

Kenya ilibadilisha sheria yake ya makampuni mwaka 2021 na kuitambua wazi mikutano ya mtandaoni na ile ya mchanganyiko. Delaware ilikwisha kuruhusu mikutano isiyo na ukumbi kabisa tangu mwaka 2000. Australia mwaka 2022 ikachagua njia ambayo mimi naipenda zaidi: mkutano wa mchanganyiko unaruhusiwa, lakini mkutano wa mtandaoni mtupu unafanyika tu pale katiba ya kampuni yenyewe inapouruhusu. Mwanahisa anapewa neno kabla ya kunyimwa ukumbi.

Mleta uzi

Wakili msomi, nimekusoma kwa makini na juu ya mikutano nakubaliana nawe karibu neno kwa neno. Ningeongeza faida moja ambayo watu wa Kigoma hatupaswi kuiacha ipite. Kampuni kubwa zilipouza hisa kwa umma, wanunuzi hawakuwa wa Dar es Salaam peke yao. Vodacom ilipouza hisa zake mwaka 2017 kwa shilingi 850 kila moja, na kabla yake benki ya walimu iliyoorodheshwa mwaka 2015, wapo waliojitokeza hadi wilayani. Leo mwalimu wa Kakonko anaweza kununua hisa kwa simu yake kupitia Hisa Kiganjani, programu ya Soko la Hisa la Dar es Salaam. Mwalimu huyo hawezi kuomba ruhusa na nauli kwenda kuinua mkono Dar es Salaam kwa hisa mia mbili. Mkutano wa mtandaoni ndio unaomfanya awe mwanahisa kwa maana kamili, mwenye kuuliza swali na kupiga kura, badala ya kuwa mtu anayesubiri gawio tu. Masharti yangu ni kwamba maswali yasichujwe na menejimenti kabla ya kusomwa, na kwamba kura zihesabiwe kwa hisa na si kwa kuangalia nani ameinua mkono kwenye skrini.

Juu ya mhuri ndipo ninaposhikilia msimamo wangu. Mhuri ulipofichwa, kila mtu aliona kwamba haupo. Kampuni ingeweza kuazimia kuchonga mpya na kuuarifu umma kwamba ule wa zamani hautambuliki. Na mhuri haukutosha peke yake. Ulihitaji saini mbele ya watu. Nywila haina sifa hata moja kati ya hizo. Anaweza kuwa nayo mtu wa pili na wa tatu pasipo mwenyewe kujua, inatumika usiku bila shahidi, na inakubalika mbele ya mfumo bila kuulizwa umetumwa na nani. Hilo ni badiliko la asili, wala si la kiasi tu.

Na uso wenyewe umeanza kutuponyoka. Mwaka 2024 ilifahamika kwamba mfanyakazi wa kampuni ya uhandisi ya Arup huko Hong Kong alihamisha takriban dola milioni 25 za Marekani baada ya kikao cha video ambamo aliyemwona kuwa mkuu wa fedha, pamoja na wenzake wengine kikaoni, walikuwa sura na sauti za kughushi zilizotengenezwa na kompyuta. Kikao cha bodi cha mtandaoni kinachoidhinisha malipo kinahitaji njia ya pili ya kuthibitisha, kama kumpigia mhusika kwa namba inayojulikana tangu zamani. Hili nalo liandikwe kwenye kanuni za bodi, lisiachwe kwenye busara ya mhasibu.

Mchangiaji, Tabora

Wakuu, naomba nami niingie, ingawa sisi huku si kampuni bali ni vyama vya ushirika vinavyosimamiwa na Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013. Nadhani jambo ni lilelile. Nimekuwa mjumbe wa bodi ya AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika, ya tumbaku. Tume ya Maendeleo ya Ushirika imeleta mfumo wa kompyuta wa kusimamia vyama vya ushirika, MUVU, ambamo taarifa za chama zinawekwa na kuonekana ngazi za juu. Ni jambo jema, kwa kuwa zamani kitabu cha wanachama kilikuwa kinaweza kupotea wiki ya uchaguzi na kupatikana baada ya uchaguzi.

Shida ninayoiona ni kwamba Mrajis, yaani msajili wa vyama vya ushirika, anaona, mkaguzi anaona, lakini mjumbe wa bodi haoni. Anayeingia kwenye mfumo ni meneja au karani. Sisi wajumbe tunaletewa karatasi iliyochapishwa, tunasomewa, tunasaini. Mkulima yeye anaona belo zake zikipimwa na kupewa gredi, kisha anasubiri kuona makato ya pembejeo yamekwenda vipi. Akiuliza anaambiwa "mfumo ndivyo unavyosema." Zamani alikuwa anagombana na mtu, sasa anaambiwa agombane na mfumo. Hapo nani anawajibika?

Mleta uzi

Mkuu wa Tabora, umeligusa jambo ambalo sikulisema vizuri hapo mwanzo. Uwajibikaji wa bodi haupungui hata kidogo kwa sababu hesabu imetoka kwenye mashine. Anayesaini taarifa anaithibitisha yeye. Kama haioni kule ilikotoka, basi amesaini asichokijua, na huo ni uzembe wa mkurugenzi au mjumbe wa bodi kwa kipimo chochote. Mngeweza kuazimia katika bodi yenu kwamba mwenyekiti na angalau mjumbe mmoja wa kamati inayosimamia fedha waombewe ruhusa ya kuangalia taarifa katika mfumo bila kuwa na uwezo wa kuzibadilisha, na kwamba kabla ya kila mkutano mkuu taarifa zichapishwe mbele yao moja kwa moja kutoka katika mfumo, badala ya kuletwa zikiwa tayari. Anayeingiza takwimu asiwe ndiye anayezithibitisha.

Neno "mfumo ndivyo unavyosema" linasikika pia kwenye kampuni kubwa duniani, ila kwa lugha ya kitaalamu zaidi. Mwaka 2014 kampuni moja ya uwekezaji ya Hong Kong, Deep Knowledge Ventures, ilitangaza kwamba imeipa programu iitwayo VITAL nafasi katika bodi yake. Kisheria programu hiyo haikuwa mkurugenzi. Hapa kwetu swali hilo linakwisha mapema, kwa kuwa mkurugenzi Mtanzania anaingizwa katika mfumo wa usajili kwa namba ya NIDA, na NIDA haiandikishi programu. Waliojaribu kuiondoa bodi kabisa hawakufika mbali: mfuko wa mtandaoni ulioitwa The DAO, uliojiendesha kwa programu bila wakurugenzi, uliporwa sarafu za kidijitali za thamani ya takriban dola milioni 50 mwezi Juni 2016, kwa kupitia kasoro iliyokuwamo katika programu yenyewe. Jimbo la Wyoming lilitunga sheria ya kuyatambua mashirika ya aina hiyo mwaka 2021, nayo mahakama ya California mwaka 2023, katika shauri la Ooki DAO, ikakubali kwamba kundi lisilo na usajili linaweza kushtakiwa kama ushirika wa watu wa kawaida. Mahakama inamtafuta mtu, na isipompata mmoja inawatafuta wote.

Mchangiaji, Ujiji

Shikamooni wakubwa. Nimesoma uzi wote na naomba msaada wa kweli. Baba yetu alifariki akiwa mkurugenzi mtendaji wa kampuni ya familia yenye maboti ya mizigo ziwani. Mkurugenzi wa pili ni mama, ambaye hajawahi kushika jambo lolote la mtandao. Akaunti ya usajili, barua pepe, namba ya malipo ya wateja, vyote vilikuwa kwenye simu ya baba, nasi hatuijui namba ya siri. Wateja bado wanalipa kwenye namba ile. Ndugu wengine wanasema mwenye simu ndiye mrithi wa kampuni. Tufanyeje?

Mleta uzi

Marahaba mwanangu, na poleni sana kwa msiba.

Kwanza mwondoe mezani hilo la mwenye simu. Simu ni mali ya marehemu na itaingia kwenye mirathi kama mali nyingine, lakini kampuni haikufariki. Boti ni za kampuni, fedha zinazolipwa na wateja ni za kampuni, na mkurugenzi aliye hai ni mama yenu. Kitakachorithiwa ni hisa za baba, na anayetambuliwa juu ya hisa hizo ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, ambaye wajibu wake ni kwa warithi wote.

Mama akiwa na cheti cha kifo, cheti cha usajili wa kampuni na kitambulisho chake cha NIDA, aiandikie kampuni ya simu na benki leo hii kwa jina la kampuni, akiarifu kifo cha mkurugenzi na kuomba malipo yazuiliwe yasitolewe na mtu yeyote hadi watia saini wapya wathibitishwe. Hilo linafanyika kabla ya mirathi kumalizika. Kisha aiandikie BRELA rasmi kuomba kurudishiwa uwezo wa kuishughulikia kampuni kwa akaunti yake mwenyewe, akiambatisha nyaraka hizohizo. Angalieni katiba inasemaje juu ya idadi ya chini ya wakurugenzi. Mara nyingi inamruhusu mkurugenzi aliyebaki kuziba nafasi au kuitisha mkutano mkuu. Na taarifa za wamiliki manufaa, yaani watu halisi wanaoimiliki au kuidhibiti kampuni, ambazo kampuni zote zinatakiwa kuziwasilisha tangu marekebisho ya mwaka 2020, nazo zitabadilika hisa zikihamishwa. Msizisahau.

Mtu yeyote asijaribu kuifungua simu kwa kujifanya marehemu. Najua inaonekana kuwa njia fupi, lakini kutuma maelekezo kwa Serikali au benki kwa jina la mtu aliyefariki ni jambo la jinai, na litawavurugia hata haki mliyonayo.

Mchangiaji, Kasulu

Mleta uzi, kutokana na hili la ndugu yetu wa Ujiji, ungetuandikia kifungu cha kuweka kwenye katiba zetu au kwenye kanuni za bodi. Nasi tusio na uwezo wa kulipa wanasheria wakubwa tupate pa kuanzia.

Mleta uzi

Nitaandika rasimu, na wakili wetu aipitie.

"Akaunti zote za kielektroniki, barua pepe, laini za simu, namba za malipo na nywila zinazotumika kwa shughuli za kampuni ni mali ya kampuni, bila kujali zimeandikishwa kwa jina la nani. Katibu atatunza orodha yake, ikionyesha kila akaunti na wakurugenzi wawili wenye uwezo wa kuifikia. Nywila zitafungwa katika bahasha iliyosainiwa juu ya mfungo na kuwekwa mahali bodi itakapoazimia, na zitabadilishwa ndani ya siku saba baada ya mkurugenzi, katibu au wakala yeyote aliyezijua kuacha nafasi yake. Mtu asiye mkurugenzi au katibu hatatumia akaunti ya kampuni isipokuwa kwa azimio la bodi linaloeleza kazi na muda."

Pale ambapo mfumo unadai akaunti ifunguliwe kwa namba ya NIDA ya mtu binafsi, huyo mtu asaini tamko kwamba anaishikilia kwa niaba ya kampuni. Orodha hiyo ya katibu isiwekwe kwenye kundi la WhatsApp, wala orodha ya wanahisa yenye namba zao za NIDA na za simu. Tangu Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inafanya kazi, na kampuni inayosambaza taarifa za watu wake ovyo inaweza kufikishwa mbele ya Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Mchangiaji, Kigoma Mjini (wakili)

Nimeipitia. Ongeza kwamba mkurugenzi anayekataa kukabidhi anapoondoka atahesabiwa kuwa amekiuka wajibu wake kwa kampuni, na kwamba mwenyekiti anaweza kwa barua kuiarifu mamlaka au benki yoyote juu ya mabadiliko. Pia anayeweka kifungu hiki kwenye katiba akumbuke kwamba kinahitaji azimio maalumu la wanahisa, na nakala ya azimio hilo lazima iwasilishwe kwa Msajili. Kwenye kanuni za bodi kinatosha kwa azimio la wakurugenzi, na huko kinaweza kuanza kazi wiki hii.

Mleta uzi

Nimeongeza yote mawili. Wa Kasulu na wa Ujiji, anzeni na kanuni za bodi. Katiba itafuata kwenye mkutano mkuu ujao. Na wa Tabora, kwenye chama chenu maneno hayohayo yanaweza kuingia katika masharti ya chama, ila mabadiliko ya masharti yatapita kwa Mrajis, kwa hiyo wasilisheni mapema kabla ya msimu wa masoko kufunguliwa.